Dole Lenye Mistari

Bibi Sesilia alikuwa na miaka sabini na nne, kisukari cha muda mrefu, na kidonda kwenye unyayo wa kushoto kilichogoma kupona. Kwa mujibu wa kompyuta ya Mfuko wa Wazee, alikuwa pia mtu wa safari kweli kweli. Kati ya Januari na Juni alikuwa ameonwa na daktari mara kumi na mbili katika Zahanati ya Matunzo, kule Ibadakuli, akamaliza matibabu yote ya mgonjwa asiyelazwa ambayo kadi ya mzee inaruhusu kwa mwaka mzima. Mwenyewe alisema amekwenda mara tatu, na mara zote tatu alibebwa na mwanawe kwenye pikipiki.

Hizo mara tisa za katikati ndizo zilizomleta Anisia Mayala kijijini Mwakitolyo asubuhi ya Jumatano. Alikuwa mkaguzi wa madai wa Mfuko, lakini kabla ya hapo alikula miaka kumi na minne kwenye upelelezi wa polisi Kahama, na tabia za kule hazikumtoka. Akiuliza swali alinyamaza, akakuacha uhangaike mwenyewe.

Hakuwa na muda wa kuchezea. Ijumaa saa nne kamati ya madai ilikuwa inakaa Shinyanga mjini. Akileta ushahidi kwamba yale mahudhurio ni ya kughushi, kadi ya bibi ingefunguliwa siku hiyo hiyo. Asipoleta, faili lingefungwa na kadi ingebaki imefungwa mpaka Januari. Na daktari wa wilaya alikuwa ameshaandika kwa mkono wake kwamba, bila sindano za sukari na bila kusafishwa kila wiki, mguu ule hautafika mwisho wa Agosti. Utakatwa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti yake, Noela, alikuwa amepiga magoti mbele yake akifunga bandeji, glavu mikononi, begi la bluu la wahudumu wa afya wa kijiji limening'inia begani. Noela ndiye aliyeandika barua ya malalamiko kwa Mfuko. Kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza, na chini kabisa: *Naomba mumwokoe mama yangu.* Anisia alipoisoma ofisini aliiweka juu ya mafaili mengine yote.

"Mwangaluka, mayu," Anisia alisalimia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza. Yeye ni Msumbwa wa Ushirombo. Maneno mengi ya Kisukuma yalimpita pembeni. Akaongeza "shikamoo" ili asikosee.

"Marahaba, ng'wanone."

"Anasema marahaba, mwanangu," Noela alitafsiri, akacheka. "Hilo ulilielewa."

"Hilo nililielewa. Sasa niulizie hili. Kadi yake ya Mfuko anaitunza nani?"

Noela aliuliza. Bibi alijibu kwa kirefu, sauti ya chini, na katikati ya maneno yake aliinua kidevu kuelekea begani mwa binti yake, palipokuwa na lile begi la bluu.

"Anasema anaitunza mwenyewe chini ya godoro," alisema Noela. "Na Edson alipajua mahali inapokaa."

Edson alikuwa mdogo wake Noela, mchimbaji. Jina lake ndilo lililoandikwa kama shahidi kwenye fomu zote za mahudhurio ya bibi: *Edson Mihayo*, na sahihi yenye mkia mrefu.

"Na huyu Edson yuko wapi?"

"Mama alimfukuza wiki tatu sasa. Alipojua kwamba ni yeye, alimwaga nguo zake hapo uani, watu wanatazama." Noela alishusha macho kwenye bandeji. "Mimi nilimwambia mama asamehe. Ni damu yetu. Hakutaka."

Anisia aliitikia kwa kichwa. Akatoa pedi ya wino na karatasi nyeupe, akamwomba bibi dole gumba la kulia. Lilitoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja.

Hakushangaa. Bibi Sesilia alikuwa ameponda mawe ya dhahabu kwa nyundo miaka thelathini, na mawe yalikuwa yamemlipa kwa kumsugua vidole mpaka vikawa laini kama kijiko. Ndivyo walivyo wazee wengi wa Mwakitolyo. Mashine ya alama za vidole pale zahanati ikiguswa na vidole vya namna hii inalia tu kuvikataa. Kwa ajili yao Mfuko ulileta kitu ambacho makarani wanakiita fomu ya dole: mzee anachovya wino, anagandamiza, na mtu anayemfahamu anasaini pembeni kama shahidi. Sharti ni moja, shahidi asiwe mtu wa afya.

Anisia alirudi kwenye gari akafungua jalada lake. Kabla ya kuondoka mjini alikuwa ameomba fomu zote za dole za siku moja tu, Jumanne tarehe kumi na nne Mei, kwa sababu siku hiyo zahanati ilidai kuwahudumia wazee saba wa Mwakitolyo kwa mpigo. Bibi Sesilia mmoja, wengine sita majirani zake. Hizo sita hakuwa amemwonyesha mtu.

Zote saba zilikuwa na sahihi ya Edson, na madole yenye mistari. Mizuri, myembamba, iliyojikunja vizuri kabisa. Jamani! Wazee saba ambao mashine imewashindwa, halafu wino unawapatia mistari kama ya watoto wa shule! Karani wa zahanati angetumia nusu dakika kuvitazama vidole hivyo asingepokea hata fomu moja.

Kulikuwa na jambo jingine. Fomu sita zilikuwa na dole lile lile, jembamba, lenye kovu dogo lililokatiza kwa mshazari. Ya saba, ya Bibi Sesilia, ilikuwa ya dole nene lisilo na kovu. Kwa hiyo walikuwa watu wawili. Na wawili hao hawakuwahi kuponda mawe.

*

Njiani kwenda machimboni Noela alikaa kiti cha mbele, akimwelekeza dereva. Alikuwa mcheshi. Alimwonyesha Anisia nyumba za wagonjwa wake: pale yupo mwenye presha, pale yupo mama wa pacha, pale wanachemsha maji siku hizi baada ya yeye kuwapigia kelele mwaka mzima. Kila walipopita watu walimpungia mkono. Anisia alimpenda, na hakuwa mtu wa kupenda watu akiwa kazini.

"Edson atakudanganya," Noela alisema walipofika. "Ana maneno matamu. Mimi nakusubiri hapa kwa mama lishe, sitaki kumwona."

Duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akifanyia kazi Edson lilikuwa nyuma ya karasha, zile mashine za kusaga mawe zinazokufanya upige kelele hata ukiomba maji. Wanawake hawasogezwi kwenye mdomo wa shimo; wachimbaji wanaamini dhahabu itakimbia. Anisia hakubishana na imani za watu. Alisimama mbali akatuma mtu, na baada ya robo saa akatokea kijana mrefu, mweupe kwa vumbi toka unywele hadi kucha.

"Wewe ndiye wa bima?"

"Ndiye. Anisia Mayala."

"Basi umechelewa. Hukumu ilishatoka." Alikaa juu ya kiroba cha mawe. "Mama yangu alinivua nguo mbele ya majirani. Alisema hakuzaa mtoto, alizaa fisi. Unajua mtu anajisikiaje?"

"Sahihi hii ni yako?"

Edson aliichukua fomu, akaitazama karibu, akaitazama kwa mbali. "Ni yangu na si yangu. Mimi nilimpeleka mama mara tatu, nikasaini mara tatu. Mkia wa hii umepinda kushoto. Wangu unashuka."

"Mtu yeyote anaweza kusema hivyo."

"Anaweza."

"Nipe dole gumba la kulia."

Aliinua mkono. Dole lilikuwa limeishia kwenye kifundo, na juu yake palikuwa na ngozi iliyokunjamana.

"Baruti," alisema. "Miaka miwili sasa. Chukua la kushoto kama unataka, ila lenyewe nalo halina cha kukuambia."

Anisia alichukua la kushoto. Doa jeusi, tupu.

"Tarehe kumi na nne Mei, Jumanne. Ulikuwa wapi?"

Edson alifikiri. Kisha akacheka kicheko kikavu. "Hiyo si siku ya mzee Maduhu? Tulimzika mzee Maduhu siku hiyo. Sisi wa maduara ndio tunaochimba makaburi hapa, nani mwingine atachimba ardhi hii? Mimi nilishika sururu ya kwanza saa moja asubuhi. Hadi saa kumi sikutoka makaburini."

"Nani atanithibitishia?"

"Daftari. Katibu wa msiba ni mzee Tarsisi, alikuwa mwalimu. Yule anaandika majina makaburini kama yuko darasani. Hata kunguru akikosekana anatozwa faini."

Anisia alifunga kalamu. Edson alimwita akiwa ameshageuka.

"Afisa. Mguu wa mama unaendeleaje?"

"Vibaya."

Alitikisa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likageuka tope. "Mimi namtumia Noela hela ya sindano hata sasa. Mama hajui. Akijua inatoka kwangu atazitupa."

*

Noela hakufurahia habari ya daftari.

"Dada, mtapoteza muda. Lile ni daftari la wazee, wanaandika wanavyotaka. Bora tuwahi mjini kwa karani wa zahanati."

"Mjini nitakwenda kesho. Twende kwa katibu."

Mzee Tarsisi aliishi nyuma ya kigango cha Kikatoliki, nyumba ya tofali za kuchoma yenye uwanja uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Aliwapokea akiwa amevaa koti. Alitandika viti vitatu, akaagiza maji ya kunywa, akamwuliza Anisia habari za Ushirombo parokia kwa parokia. Alipoambiwa shida iliyowaleta, aliingia ndani akarudi na madaftari manne makubwa yaliyofunikwa kwa gazeti.

"Kijiji hiki kina utaratibu," alisema. "Msiba ukitokea, hakuna jembe, hakuna duara, hakuna safari. Kila mtu mzima makaburini. Asiyekuja bila ruhusa analipa jogoo, na jogoo linaliwa na waliochimba kaburi. Mimi naita majina mara mbili, kabla ya kuzika na baada ya kuzika, kwa sababu kuna wajanja wanaitika halafu wanatoroka."

"Mei, tarehe kumi na nne."

"Marehemu Maduhu. Hili hapa."

Anisia alipitisha kidole. Wachimba kaburi kumi na wawili, wa kwanza Edson Mihayo. Alama mbili za vema. Alitoa orodha ya wazee wake saba akailaza kando ya daftari bila kusema kitu. Wa kwanza yupo, alama mbili. Wa pili yupo. Wa tatu yupo, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika *amekuja na fimbo mpya*. Wote saba walikuwepo. Bibi Sesilia aliandikwa *ameketi mkekani na mjane tangu saa mbili.*

Kwa hiyo saa nne asubuhi, wakati Zahanati ya Matunzo ikiwapima wazee saba presha kule Ibadakuli, wazee hao hao walikuwa wanaimba kwenye kaburi la mzee Maduhu, na mwalimu mstaafu anawahesabu.

"Edson hakuwa mjini," Anisia alisema.

"Nani kakwambia alikuwa mjini?" Mzee Tarsisi alishangaa. "Yule ndiye aliyetengeneza hata msalaba."

Noela alikuwa anamimina maji. Aliendelea kumimina, kikombe kikajaa, maji yakamwagikia mezani. "Samahani," alisema, akaanza kufuta kwa pindo la kanga.

Anisia hakumtazama. "Mwalimu, waliokosekana unawaandika wapi?"

"Ukurasa wa nyuma, kwa wino mwekundu." Aligeuza, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani. "Siku ile walikosekana wawili tu, kijiji kizima. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu, alikuwa amelazwa Geita, akasamehewa. Na wa pili..." Alitabasamu, akamgeukia Noela. "Wa pili ni mwenyeji wako huyu! Alisema amekwenda semina ya afya mjini. Nikampigia mganga wa zahanati yetu, akaniambia hakuna semina. Nikamtoza. Noela, nakuambia ukweli, jogoo lako lilikuwa nono."

Mzee alicheka peke yake. Akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye, hakumpata.

"Alilipa?" Anisia aliuliza.

"Tarehe kumi na tisa. Ameandikwa hapa. Huku kwetu hakuna asiyelipa jogoo la msiba, labda ahame kijiji."

Anisia aliomba kupiga picha kurasa zote mbili. Alilazimika kurudia picha ya kwanza kwa sababu hakuwa ameona anachokipiga. Kwenye kumbukumbu yake alikuwa anakiona kidevu cha Bibi Sesilia kikielekea kwenye begi la bluu. Bibi alikuwa amejibu swali. Alijibu vizuri tu, tangu asubuhi, na jibu lilikufa katikati ya watu wawili waliokaa hatua moja kutoka kwake.

*

Alimwomba dereva ashuke akanywe chai. Wakabaki wawili garini, milango wazi.

"Nipe mkono wako," Anisia alisema.

"Wa nini?"

"Leo nimeshika madole ya familia yenu yote. Limebaki lako."

Noela alikunja ngumi, dole gumba limefichwa ndani, kama mtoto anayekataa kukatwa kucha. Anisia alifungua jalada, akamwekea zile fomu sita magotini, moja moja.

"Barua yako ilisema juu ya mama. Hukujua kama nitavuta na za wengine. Hili kovu ulilipataje?"

Noela alilichomoa dole gumba kutoka kwenye ngumi, akalitazama.

"Wembe," Noela alisema hatimaye. "Nilikuwa namkatia mtoto kitovu. Nilikuwa nafanya kazi, dada. Mimi ndiye niliyewaandikisha wote. Kabla yangu hakuna mzee hapa aliyekuwa na kadi."

"Najua. Ndiyo maana walikupa kadi zao kwa mikono miwili. Uliwaambia za nini?"

"Uhakiki. Kila mwezi." Sauti ilikuwa imeshuka. "Cornel alisema hakuna atakayeumia. Wazee wenyewe hawaendi, mbali, hawana nauli, mwaka unaisha kadi hazijaguswa. Alisema ni dawa zinazolala tu kwenye kompyuta."

Cornel alikuwa karani wa mapokezi wa Zahanati ya Matunzo. Yule yule ambaye angetumia nusu dakika kutazama vidole.

"Dawa zinakwenda wapi?"

"Ana duka Bugarama. La jina la shemeji yake."

"Na sahihi ya Edson?"

"Mhudumu wa afya haruhusiwi kushuhudia. Niliona sahihi yake kwenye fomu za mama za kweli, nikaiiga. Nilichagua siku ya msiba kwa sababu nyumba zote zilikuwa tupu, hakuna wa kuniuliza nakwenda wapi. Sikufikiri kama jogoo litanifuata mpaka leo."

Anisia aliinua fomu ya saba, ile ya dole nene. "Hii si wewe."

Hapo ndipo Noela alipolia. Si kule kulia kwa kwenye barua. Alilia kwa hasira, ngumi magotini.

"Nilimwambia kadi ya mama asiiguse! Nilimwapisha! Akasema sawa. Kumbe namba alikuwa nayo, akaichovyea dole lake mwenyewe mara tisa, akaiga sahihi ile ile, hata siku ile ile nikiwa nimemgeuzia mgongo. Mwezi wa saba nampeleka mama, wanasema kadi imekwisha. Mimi! Mimi naambiwa kadi ya mama imekwisha! Ningefanyaje? Nikae kimya mguu uoze? Nikawaandikia nyie."

"Ukamtaja Edson."

"Jina lake ndilo lililokuwepo."

"Na hela anayokutumia ya sindano?"

Noela alilivuta begi la bluu mapajani, akaliziba zipu kwa mikono miwili.

Anisia alikuwa amesikia maungamo mengi, ya wezi wa ng'ombe, ya wauaji, ya watu walioiba mpaka kengele ya kanisa. Hakukumbuka mara nyingine aliyotaka kumzaba mtu kibao. Alikuwa amempenda mwanamke huyu. Aliiweka barua yake juu ya mafaili ya watu wengine wenye shida, watu ambao pengine hawakuwa na mwandiko mzuri.

"Twende kwa mama yako," alisema. "Utamweleza mwenyewe."

*

Noela alieleza. Kwa Kisukuma, akiwa amepiga magoti pale pale alipofungia bandeji asubuhi. Anisia hakuelewa yote na safari hii hakuhitaji mkalimani. Alielewa jina la Edson lilipotajwa, kwa sababu bibi alifumba macho.

Kuku walichakura uani.

"Wewe mama wa bima," Bibi Sesilia alisema. Alisema kwa Kiswahili, chake, cha kukanyaga kila neno kwanza. "Asubuhi mimi nilisema kadi anakaa nayo Noela. Hukusikia?"

"Sikusikia, bibi. Nisamehe."

"Sasa inakuwaje?"

Anisia alimweleza bila kupaka mafuta. Ameandika maelezo. Yanasema kwamba Bibi Sesilia hakwenda zahanati zile mara tisa, na kwamba kadi ilikuwa mikononi mwa binti yake. Akiweka dole, Ijumaa kadi inafunguliwa, yake na za wale sita, na Jumatatu anaanza sindano na kusafishwa kidonda. Lakini karatasi hiyo hiyo itakwenda polisi, na Noela atakwenda nayo, pamoja na Cornel. Asipoweka, hakuna wa kumlazimisha.

"Akienda, nani ananifunga mguu?"

"Sijui, bibi."

Bibi alimtazama binti yake, akamtazama kwa muda mrefu, na alipoongea aliongea Kiswahili tena, pengine ili mgeni naye asikie.

"Kadi, wewe ungesema, ningekupa. Mwanangu ana shida, ningekupa. Hata huu mguu nisingekudai. Lakini siku ile namwaga nguo za Edson, wewe ulisimama wapi?"

"Mama..."

"Ulisimama mlangoni. Ulinitazama. Shati lake la kanisani lilianguka kwenye tope, wewe ukaliokota ukalikunja. Nikasema, angalia Noela wangu, ana huruma. Nikamwita mdogo wako fisi, na wewe unakunja shati." Aliushusha mguu kutoka kwenye ndoo. "Umenifanyia kitu kibaya, Noela. Kibaya sana."

Alinyoosha mkono kwa Anisia. "Lete hiyo wino."

Anisia aliweka karatasi juu ya ndoo, akafungua pedi. Na Noela, kwa mazoea tu, machozi yanamchuruzika, alisogea kumshika mama yake kifundo cha mkono ili amsaidie kugandamiza, kama anavyomsaidia kila siku kula, kuvaa, kuoga.

"Yaya," bibi alisema, akauvuta mkono wake. Hapana.

Alichovya mwenyewe. Aligandamiza mwenyewe, kwa nguvu zote, mpaka karatasi ikajikunja. Lilibaki doa jeusi, duara, lisilo na mstari hata mmoja. Ndilo lilikuwa dole lake la kweli, na kwenye fomu zote tisa za kughushi halikuwemo.

Chini ya doa palikuwa na nafasi tupu ya shahidi. Anisia hakuweza kusaini yeye, na Noela hakuweza. Mwalimu Tarsisi angekuja kwa furaha, na koti lake. Ilikuwa ni kutuma gari tu. Alimwuliza bibi kama amtume dereva akamwite mwalimu.

Bibi Sesilia alikuwa anajifuta wino kwenye kanga, polepole, akikitazama kidole.

"Mwalimu simtaki," alisema. "Apite machimboni. Amwambie Edson mama yake anamwomba aje kumshuhudia, kama atakubali."